Mama Mkwe, Bwana Verhelst na Somo la Kiswahili

Barua kutoka ofisi ya masomo ilifika kolezi ya Mtakatifu Blasio, shule ya sekondari ya Kasongo katika Kongo ya Wabelgiji, mwezi wa sita mwaka 1955. Mwalimu Zéphirin aliisoma mara tatu, na mara zote tatu ilisema jambo lilelile. Kuanzia mwaka wa masomo unaokuja somo la Kiswahili lingeondolewa katika ratiba, na saa zake mbili za kila juma zingepewa Kiflama, lugha ya Wabelgiji wa kaskazini.

Kiflama! Katika Kasongo nzima watu waliojua Kiflama walikuwa Wazungu watatu, na hao watatu walikuwa hawasalimiani. Lakini barua ilikuwa na mhuri, na sababu yake ilikuwa imepigwa vizuri kwa mashine: lugha ambayo wenyeji wanaijua tayari haina haja ya kufundishwa. Zéphirin aliwaza kwamba Wazungu wengi kule Ubelgiji walizaliwa wakilia kwa Kifaransa, na bado walikuwa na maprofesa wa Kifaransa hadi vyuo vikuu. Hakuna aliyewaambia kwamba wanajua tayari. Aliikunja barua akaenda kwa Padri Anselme, mkuu wa kolezi.

"Padri, vijana wangu arobaini na mmoja wanatoka Nyangwe, Lusangi, hadi Kabambare. Huyu anaongea Kizimba, yule Kibangubangu, mwingine Kilega. Wakikaa darasani kwangu ndipo wanapojifunza kuandika barua, kuomba, kueleza, kupatanisha watu. Kesho watakuwa walimu na makarani. Watawasemesha watu kwa Kiflama?"

Padri Anselme alipanua mikono. Yeye mwenyewe alitoka upande wa Ubelgiji usiopenda Kiflama, na barua ile ilikuwa imemharibia chakula cha mchana. "Kamati ya masomo inakaa Jumamosi," alisema. "Mkaguzi atakuwepo. Nenda ukalitetee somo lako. Lakini unajua utaratibu. Mwafrika asiye na kadi hasemi mbele ya kamati."

Kadi hiyo Wazungu waliiita mérite civique. Ilikuwa hati ya kumtangaza mtu mweusi kuwa amestaarabika, na haikutolewa hivihivi. Kwanza Mzungu mmoja alikuja nyumbani kwako kutazama kama una choo safi, kama unakula mezani kwa uma pamoja na watu wote wa nyumba yako, na kama mnasema Kifaransa mkiwa peke yenu. Ombi la Zéphirin lilikuwa limelala ofisini miaka miwili.

"Nimemwomba Bwana Verhelst wa ofisi ya serikali, ambaye naye hukaa katika kamati, aje kwako Alhamisi," alisema Padri. "Ukipata kadi Alhamisi, Jumamosi unasema. Usipoipata, somo limekwisha, na wewe utapelekwa kufundisha shule ya msingi Wamaza."

Wamaza! Wamaza kulikuwa kwao Victorine, mke wa Zéphirin, na kila mwanamke wa makamo katika Wamaza alikuwa, kwa namna moja au nyingine, mama mkwe wake.

Mtu asiyejua mila ya watu wa Victorine hawezi kuelewa uzito wa jambo hilo. Kwao mkwe wa kiume na mama mkwe hawatazamani usoni, hawaitani kwa majina, na hawasemezani ila kwa kupitia mtu wa tatu. Kula chombo kimoja au meza moja ni aibu ambayo huondolewa kwa mbuzi na mkutano wa ukoo mzima. Hiyo ndiyo heshima, na Zéphirin aliishika kwa moyo. Katika mji wa mama wakwe watupu, asingeweza hata kwenda kisimani.

Tena hakuwa na haja ya kwenda Wamaza ili aonje maisha hayo. Wiki tatu zilizopita mama mkwe mmoja, na wa kweli kabisa, alikuwa amekuja mwenyewe Kasongo kumsaidia Victorine aliyejifungua mtoto wa kiume. Aliitwa mama Mwanvua, na mpaka siku hiyo hakuwa amesema atarudi lini.

Nyumba ilikuwa na mlango mmoja wa mbele, hivyo waliishi kwa kukohoa. Mama Mwanvua akitaka kuingia sebuleni alikohoa mara mbili, na Zéphirin alitoka. Kama mlango ulikuwa mbali, alitoka dirishani. Juma la kwanza mama Mwanvua alikaanga pilipili, akakohoa bila kukusudia asubuhi nzima, na mwalimu wa kolezi aliketi chooni mpaka saa sita akisahihisha madaftari. Maneno ya lazima yaliletwa na kupelekwa na Pascaline, binti yao wa miaka kumi na mmoja, ambaye aliifanya kazi hiyo kwa majivuno kama balozi.

Jioni ya siku ile ya barua Zéphirin alimweleza mke wake yote. Victorine alikuwa ananyonyesha.

"Sasa tutafanya je?" aliuliza. "Kifaransa mimi siko nacho. Masista walinifundisha 'bonjour' na 'la soupe'."

"Itatosha, mama Pascaline. Utasema 'bonjour' akiingia, na 'la soupe' akikaa."

"Na kama hatuna supu?"

Hapo ndipo alipoitwa jirani yao Antoine, karani wa ofisi ya teritwari, yaani ya wilaya, ambaye kadi alikuwa nayo tangu mwaka uliopita. Aliitundika ukutani katika fremu, juu kuliko picha ya Bikira Maria. Antoine alikuja na uma sita, sahani mbili za kauri, na kitambaa cha meza chenye doa ambalo alipaswa kulificha kwa mkono kila alipokitandika.

"Bukari hapana," aliamuru, maana ugali na uma havipatani. "Bukari na fursheti itawatia haya. Mupike muchele. Na mutu asikamate mufupa. Mukikamata mufupa kwa mikono, mumekwisha."

"Na nyama yenye iko kwa mufupa?" aliuliza Victorine.

"Munaiacha."

Victorine alimtazama kana kwamba amemtukania wazazi. Kuacha nyama ya kuku ipoe bila kuliwa! Kwa muda wa siku mbili walifanya mazoezi na wali uliowaponyoka wote. Zéphirin, aliyesoma vitabu kwa Kilatini, alijichoma ulimi kwa uma mara mbili. Victorine alijifunza haraka kuliko yeye, kisha akatangaza kwamba chakula cha namna hiyo hakifiki tumboni, kinaishia njiani.

Likabaki suala kubwa. Mila ya kadi ilitaka nyumba nzima ikae mezani, na mila ya Wamaza ilikataza. "Mama aende kwangu Alhamisi," alisema Antoine kwa sauti ya chini, maana yeye alikuwa rafiki wa kula na kunywa wa Zéphirin, na kwa hiyo naye alihesabiwa kuwa mkwe. "Abaki na muke wangu kutwa. Bwana Verhelst hatajua kama iko hapa Kasongo."

Pascaline alipeleka neno hilo jikoni. Mama Mwanvua alikubali kwenda, ila aliuliza sababu. Pascaline alikuwa ameambiwa asizungumze habari za meza, hivyo akasema tu kwamba mgeni mkubwa, Mzungu, anakuja kula na baba.

Alhamisi Bwana Verhelst alifika saa sita kasorobo, mwekundu kwa jua, pamoja na Antoine aliyebeba karatasi za kuandikia. Alikuwa na miaka kumi na miwili Kongo. Alitazama choo, akakipa alama nzuri. Alitazama kitanda, akakibonyeza. Victorine alisema "bonjour" bila kosa. Wakaketi mezani: Bwana upande wa mlango, Victorine na mtoto mapajani, Antoine na karatasi zake, na Zéphirin amebanwa kati ya meza na ukuta, dirisha mgongoni. Pascaline alikuwa shuleni kwa Masista.

Mambo yalikwenda vizuri kwa dakika kama kumi. Zéphirin alikuwa anaeleza kwa Kifaransa safi jinsi anavyopenda kusoma gazeti baada ya kula, jambo ambalo lilikuwa uongo maana gazeti lilifika Kasongo mara moja kwa mwezi. Bwana alitikisa kichwa kwa kuridhika. Antoine aliandika.

Hapo nje akakohoa mtu. Mara mbili.

Mama Mwanvua alikuwa amekaa kwa Antoine tangu asubuhi, moyo haujatulia. Mgeni mkubwa anakuja kwa mtoto wake, na mpishi ni mzazi wa juzi asiye na nguvu! Alikuwa ametwanga sombe, yaani kisamvu, akaitia mawese na samaki wa mto Lualaba, akajitwika chungu. Kwao mwenye nyumba aliyepata mgeni mwanaume hula naye barazani. Kwa hiyo alipoona barazani hakuna watu, alijua wamemaliza na sebule ni tupu. Hata hivyo alikohoa, kwa sababu alikuwa mtu wa adabu, kisha akaingia.

Kikohozi kilimkuta Zéphirin katikati ya sentensi. Mwili wake ulijua la kufanya kabla ya akili. Alisimama, akageuka, akapanda kiti, akatoka dirishani. Uma wake ulianguka ndani na kiatu chake kimoja kilianguka nje.

Bwana Verhelst alibaki na mdomo wazi. Alitazama dirisha, akatazama mlango ambapo mama mzee mwenye chungu kichwani alikuwa ameganda, akiwa amejifunika uso kwa kitenge. Alimgeukia Antoine apate maelezo. Antoine alikuwa ameiinua karatasi ya maswali mbele ya uso wake na kugeukia ukuta.

"Huyu ni nani?" aliuliza Bwana kwa Kifaransa.

"Mama mkwe, Bwana," ilijibu karatasi.

Uso wa Bwana Verhelst ukajikunja. Alikuwa amesoma katika kijitabu kwamba watu wasiostaarabika huwaficha wanawake wao jikoni. Alivuta kiti cha Zéphirin, akakipiga kwa kiganja. "Wewe mama! Kuja! Kaa! Kula!" alisema kwa Kiswahili, kisha akapaza sauti upande wa dirisha: "Na wewe rudi! Kaa pamoja!"

Chini ya dirisha, Zéphirin alikuwa amechutama kando ya mtungi. Alisikia kila neno. Alielewa pia kwamba kadi, Jumamosi, kamati, na saa zake mbili za Kiswahili vyote vilikuwa juu ya kile kiti. Angerudi akaketi kwa dakika tano tu, somo lingepona. Alifikiria vijana wake arobaini na mmoja. Kisha alifikiria mama Mwanvua akitembea njia yote hadi Wamaza na aibu ile, mwanamke ambaye alimpa mke bila kumdai hata nguo ya pili. Moyo ulimuuma kweli. Hakuinuka.

Ndani, mama Mwanvua hakukikalia kile kiti. Alitua chungu. Alikuwa amemrusha mkwe wake dirishani kama mbuzi mbele ya mgeni, na neno la kuomba radhi lilipaswa kusemwa papo hapo, halilali. Lakini lipitie kwa nani? Pascaline hayupo. Binti hawezi kubeba neno la namna hiyo kati ya mama yake na mume wake. Antoine naye ni mkwe, ameshageuka ukutani. Alitazama huku na huku, na katika chumba kile mtu mzima aliyebaki alikuwa mmoja.

"Bwana," alisema, akiinama kidogo, "mimi naomba uwe mujumbe wangu. Umuambie baba Pascaline: mama anaomba rehema. Hakujua kama baba iko kwa meza. Angalijua, hangaliingia. Sombe hii ni ya mikono yake. Kama baba iko na roho ya kuipokea, aipokee."

Bwana Verhelst alielewa nusu. Hakuwahi kuombwa kitu kama hicho, na labda kwa sababu hiyo alikwenda. Alitoa kichwa dirishani, akamwambia Zéphirin kwa Kifaransa kwamba mama mkwe wake anajuta.

"Si hivyo," alisema mama Mwanvua. "Sikusikia jina langu wala yake. Aseme kwa Kiswahili, mimi nisikie kama neno imefika."

"Anataka useme kwa Kiswahili, Bwana," ilisema karatasi.

Bwana alijifuta jasho, akatoa tena kichwa. "Wewe! Mama nasema: hapana kasirika! Sombe iko hapa. Kula! Upesi!"

Mama Mwanvua alijishika kichwa. "Mama yangu wee! Mimi nimesema 'upesi'? Victorine! Mimi nimemuambia mukwe wangu 'upesi'?"

"Hapana, mama," alisema Victorine, akiuma midomo asicheke. "Ni yeye."

"Basi arudi! Neno yangu nilimupa zima, yeye amepeleka vipande."

Akamtoa Bwana Verhelst dirishani kwa kumshika mkono wa shati, jambo ambalo lilimfanya Antoine afumbe macho, akamsimamisha mbele yake na kumpa maneno upya, moja moja, taratibu, kama mtu anayemlisha mtoto uji. Sema "mama anaomba". Si "mama nasema". Sema "kama baba iko na roho". Bwana aliyarudia. Alikosea, akarudishwa. Mara ya tatu aliinama dirishani, na kwa sauti ambayo watu wa Kasongo hawakuwahi kuisikia kwake, alisema: "Baba Pascaline. Mama anaomba rehema. Hakujua kama baba iko kwa meza. Sombe hii ni ya mikono yake. Kama baba iko na roho ya kuipokea, aipokee."

"Bwana, asante," ilijibu sauti ya Zéphirin kutoka chini. "Umuambie mama: mutoto wake hana kinyongo hata kidogo. Anaomba naye rehema kwa sababu alitoka bila kuaga. Sombe anaipokea kwa mikono mbili."

Bwana alikigeuza kichwa ndani, akaanza kulipeleka jibu, akasahau katikati, akarudi dirishani kuuliza. Alipolimaliza mama Mwanvua alipiga vigelegele, akaweka sombe mezani, akatoka zake kinyumenyume, amefurahi.

Bwana Verhelst akaketi. Shati lilikuwa limelowa. Alikula sombe, akala tena. Kisha akaomba karatasi na kusoma swali lililokuwa limebaki. "Lugha inayosemwa nyumbani?"

Antoine alikuwa na jibu tayari katika ncha ya kalamu. Lakini Zéphirin alijibu mwenyewe kutoka dirishani, kwa Kifaransa, kwa sababu alitaka kila neno lifike.

"Kiswahili, Bwana. Na Kizimba na Kibangubangu. Kifaransa tunakisema kwako tu. Naomba uniruhusu neno moja, kwa maana naona Jumamosi sitasema. Umekaa nasi miaka kumi na miwili. Unajua kusema toka, leta, kaa, upesi. Leo ndiyo mara yako ya kwanza kubeba ombi la mtu, na umeona ilivyokuwa kazi. Si kosa lako, hukufundishwa. Ila vijana wangu wa kolezi watakuwa wakubwa kwa watu wao. Wakitoka pale bila somo hili, watarudi kwao wakijua amri peke yake, nao hawataweza hata kusema kwamba ni wageni."

Victorine aliacha kumbembeleza mtoto. Bwana Verhelst aliikunja karatasi, akasema kwamba mwenye nyumba hakukaa mezani na watu wake, kwamba kadi haiwezi kutolewa, na kwamba sombe ilikuwa nzuri. Akavaa kofia yake akaenda.

Jumamosi Zéphirin alikwenda kolezi kwa suti yake pekee, akasimama barazani nje ya chumba cha kamati. Alisikia sauti ya mkaguzi, alisikia viti vikisukumwa. Alimsikia Padri Anselme akijaribu maneno mawili matatu juu ya Kiswahili, na mkaguzi akimkata kwa upole. Alimngojea Bwana Verhelst aseme kitu. Bwana Verhelst alikuwa mle ndani tangu mwanzo hadi mwisho, na hakusema kitu. Walipotoka alipita karibu na Zéphirin akitazama viatu vyake mwenyewe. Kwenye ubao wa ratiba palibandikwa karatasi mpya, na pale palipokuwa na Kiswahili paliandikwa Kiflama.

Zéphirin alirudi nyumbani kwa miguu, na alipofika alivua suti na kulala chali mchana kweupe, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Victorine alianza kufunga masufuria kwa ajili ya Wamaza, akiyagonganisha kuliko ilivyohitajika.

Jumanne ndipo Antoine alipokuja mbio na kijibarua. Bwana Verhelst na maajenti wawili wa teritwari walitaka mwalimu wa Kiswahili, si kile cha jikoni, bali kile cha kuongea na watu. Mara mbili kwa juma, ofisini kwa Bwana, saa tisa alasiri. Kwa ajili hiyo mwalimu Zéphirin angebaki Kasongo.

"Tumepona!" alisema Zéphirin, akikaa kitandani. "Mama Pascaline, fungua masufuria!"

Victorine hakufungua. Alisimama, mikono kiunoni, na macho yake yalikuwa makali.

"Tumepona nani? Mimi na wewe na nyumba? Na watoto wa watu je? Somo wamewanyanganya watoto, sasa wanajiwekea wao. Watoto watasema 'kaa, toka' kwa Kiflama, na Wazungu watasema 'tafazali, mama' kwa Kiswahili! Wewe utakwenda kule ofisini kama mutu wa kunyoa ndevu za Bwana?"

"Sasa nifanye je? Nimukatalie Verhelst?"

"Si yeye iko na haja? Mwenye haja anakwenda kwa mwalimu. Mwalimu wa kolezi anafundisha kolezi."

Kutoka jikoni kikasikika kikohozi, mara moja tu, na Pascaline akaingia. "Baba," alisema, "bibi anasema hivi: anaomba rehema kuingilia mambo ya baba. Lakini anasema Bwana ile anajifunza polepole. Kama iko peke yake hatajua. Atiwe na watoto wengi, wamusaidie."

Zéphirin aliwatazama mke na binti, akatazama upande wa jikoni bila kutazama. Alivaa tena suti.

Padri Anselme alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka hadi miwani ikamtoka. Kamati, alisema, imeondoa Kiswahili katika ratiba. Haikusema lolote kuhusu maajenti wa serikali wanaotaka kujifunza katika darasa la kolezi, saa ambayo darasa halina kazi. Na kama vijana watapenda kuketi nyuma ili wageni wapate watu wa kuzungumza nao, mlango wa darasa huwa haufungwi. Alama hazitatolewa. Shahada haitalitaja somo hilo. "Lakini litafundishwa," alisema. "Nami nitamweleza Verhelst kwamba ofisi yake ni ndogo."

Zéphirin hakuamini kwamba vijana wangekuja. Nani anakaa darasani saa tisa, jua linapiga, kwa somo lisilo na alama, wakati wengine wanacheza mpira? Jumatano ya kwanza ya mwaka mpya wa masomo alijiambia kwamba wakifika kumi atashukuru.

Alipofungua mlango vijana walisimama wote kwa pamoja, arobaini na mmoja, na wengine wa darasa la chini wamebanana ukutani. Alikwenda mezani, akaweka chaki, akawatazama.

Kwenye benchi la mbele walikuwa wameketi Wazungu watatu, magoti yamefika kifuani kwa sababu benchi lilikuwa la watoto. Katika kolezi ile mwalimu akiingia wanafunzi husimama, na husimama hadi wamemsalimu. Katika Kasongo Mzungu hakusimama kwa mtu mweusi. Hizo sheria mbili hazikuwahi kukutana chumba kimoja.

Zéphirin angeweza kuanza. Maneno ya "bonjour, messieurs" yalikuwa mdomoni. Vijana walimtazama, na yeye alijua kwamba chochote atakachokifundisha mwaka mzima hakitazidi atakachokifanya dakika ile. Alikunja mikono nyuma, akangoja. Nje mpira ulipigwa, watu wakashangilia. Ajenti mmoja alikohoa. Mwingine aliitazama saa yake.

Bwana Verhelst aligeuka nyuma, akaona wanafunzi wamesimama, akageuka mbele. Masikio yalikuwa mekundu. Kisha akashika ukingo wa benchi, akajinyanyua taratibu, na wenzake wawili, kwa kuwa benchi lilikuwa moja na lilianza kupinduka, wakasimama naye.

"Jambo, mwalimu," alisema Bwana Verhelst.

"Jambo, mwalimu!" wakaitikia vijana nyuma yake, kwa kishindo.

"Jambo," alisema Zéphirin. "Mukae."

Wakakaa wote.